Namba Inayofuata Nane

Juzi msichana wa sensa alinikuta kibarazani nachambua mrenda. Alivuta kigoda bila kungoja kukaribishwa, akawasha kishikwambi chake, akaanza kazi. Msichana mzuri, mwenye adabu, mtoto wa hapa hapa Kakamega. Aliniuliza jina, umri, dini, kama nina choo, kama nina redio, nami nikajibu yote kama mwanafunzi hodari. Kisha, akiniita kukhu, yaani bibi, akauliza, "Na usiku wa kuamkia leo, kukhu, watu wangapi walilala hapa kwako?"

Nikarudisha jani la mrenda kwenye sinia. Si kwamba sikujua. Nilimjua kila mmoja, alipolaza kichwa na nani alikoroma. Basi nikaanza kumtajia kwa majina, kijana wangu wa mwisho, mke wake, watoto wao, mpwa wangu anayesoma mjini. Kila nilipotaja jina, msichana alikunja kidole. Nilipomaliza alicheka, akasema, "Si ungesema tu ni saba, kukhu? Mbona unanizungusha hivi?" Nikamwambia mimi watu siwahesabu. Alidhani ni ukaidi wa uzee, akabonyeza bonyeza, akaaga vizuri, akaenda kwa jirani. Nilibaki na sinia ya mrenda mapajani, na siku ile sikufanya tena kazi ya maana.

Wewe rafiki yangu unayesoma hapa nitakueleza, maana sijawahi kumweleza mtu yeyote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kwa umri huu nilio nao si vizuri kuendelea kuweka mambo kiporo.

Nilikulia mashariki ya mji wa Kakamega, upande ule unaopakana na msitu. Asubuhi tuliamshwa na mbega waliokuwa wakinguruma mitini, na baada yao jirani akiwaita ng'ombe wake kwa majina. Mchana jua liliwaka kana kwamba halitaisha, lakini ukishamaliza kula tu mawingu yalijikusanya juu ya msitu, radi ikapiga, na mvua ikashuka, mara nyingine mvua ya mawe iliyotufanya tukimbilie jikoni kwa Kukhu na vikombe vya bati ili tuokote barafu tuitafune. Kukhu ndiye bibi yangu, mama wa baba. Jiko lake lilikuwa nyumba ya duara iliyoezekwa nyasi, upande mmoja ndama, upande mwingine kuku, katikati mafiga, na hewa yote ilinukia moshi na ile chumvi ya majivu ya maganda ya maharage aliyotilia mboga. Hadi leo nikinusa majivu yaliyolowa maji, mate hunijaa. Kukhu hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, na mama alikijua kidogo cha sokoni, kwa hiyo maneno yao hapa ninakufasiria.

Sijui kwenu mnafanyaje, lakini kwetu mtu hakuhesabiwa. Wala ng'ombe, wala kuku, wala chochote chenye pumzi. Mahindi, hesabu upendavyo. Nguzo za ua, hesabu. Lakini ukisimama mbele ya watoto wa mtu ukaanza moja, mbili, tatu, ungeulizwa unamtafuta yupi umpeleke wapi. Mgeni akitaka kujua mama ana watoto wangapi alijibiwa, "Wapo kama unavyowaona." Kila jioni Kukhu alisimama mlangoni kuku wakiingia, asitaje idadi. Alitazama tu. "Yule mwekundu mwenye kilemba hajaingia," angesema, na kweli tungemkuta amejificha kwenye migomba. Karani wa chifu alipokuja kuandika ng'ombe, Kukhu alimtajia majina ya ng'ombe wote, akamwachia karani dhambi ya kujumlisha.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa Uhuru, na bendera yetu ilipepea kwenye mlingoti wa mkaratusi uliokatwa jana yake, bado unatoka utomvu. Kuta zilikuwa za udongo. Kila Ijumaa sisi wasichana tulibeba maji na mavi ya ng'ombe tukasiliba sakafu, na Jumatatu darasa zima lilinukia zizi. Watu wazima wa wakati ule walikuwa hawaishi kuzungumza juu ya ofisi walizoacha Wazungu, viti vyao, na nani atakayevikalia. Tuliambiwa ni sisi. Ukimwambia hivyo mtoto wa darasa la sita anayetembea pekupeku, ataamini, na mimi niliamini kabisa.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa kijana wa upande wa Matete, ametoka chuoni juzi tu. Alivaa kaptula ya kaki na soksi ndefu, na baiskeli yake aliipangusa kwa kitambaa kila alipofika. Alitupenda sana. Nasema hivyo mapema ili usije ukamchukia. Asubuhi, kabla ya kuita majina, alitusimamisha wote kando ya ukuta kwa hesabu za kichwa. Anatupa swali, anayejibu anakaa. Mimi nilikaa wa kwanza siku zote. Sikujivunia, au tuseme nilijivunia kidogo, lakini zaidi nilifurahi, maana namba zilinijia zenyewe kama kuku waliosikia mtama ukimwagwa. Sikuwa nafikiri. Nilikuwa nafungua mdomo tu.

Mwalimu alimfuata mama shambani siku moja akamwambia, "Mama, huyu ataenda kwa masista kule Mukumu, shule ya upili. Akifika huko hatarudi kushika jembe." Mama alikuwa hajaingia darasani hata kufagia. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye chai Kericho, tukimwona Krismasi. Tangu siku ile mama alipalilia mistari yangu pamoja na yake ili mimi nisome, na jioni alinitaka nimsomee namba kutoka kwenye daftari, yeye akisikiliza huku ametabasamu, haelewi hata moja. Nafasi ile ya Mukumu ilikuwa yetu sote wawili. Nilikuwa nikiiwaza nikichota maji na nikifukuza ndege kwenye wimbi, na nina hakika mama naye aliiwaza.

Ndipo mwalimu akatoa kazi ya nyumbani. Aliandika ubaoni kwamba nchi huru ni nchi inayojua ina nini, kisha akageuka, akasema, "Mnaimbanga Uhuru kila siku, na hamjui hata kwenu mko wangapi. Nendeni nyumbani mhesabu. Watu, ng'ombe, kuku, miti ya matunda. Mniletee kwa daftari kesho."

Sasa nikueleze jambo ambalo mtu wa kwingine hawezi kulielewa. Darasa zima hapakuwa na mtoto aliyekwenda kuhesabu. Hawakukubaliana, hawakunong'onezana. Kila mmoja alijua kivyake kwamba mwalimu anaandikiwa kitu fulani cha kumridhisha, na mambo yanaishia hapo. Walikaa nyuma ya nyumba, wakaandika namba zilizowajia. Ni mimi peke yangu, hodari wa hesabu, niliyedhani nimeulizwa kweli.

Mchana ule mvua ilitukusanya sote jikoni kwa Kukhu. Niliona ni bahati, maana watu hawakuwa wametawanyika. Kukhu alikuwa akisonga obusuma, ugali wetu wa wimbi. Mama alikuwa amesimama karibu na mlango na mdogo wetu mgongoni, mtoto wa kiume aliyekuwa ndiyo kwanza ameota meno mawili ya chini. Shangazi alikuwepo, ndugu zangu walikuwa chini wakigombea mawe ya barafu. Nilisimama na daftari, nikanyoosha kidole, na kwa sauti, kwa Kiingereza cha shule, nikaanza. Nilianza na Kukhu, nikajiweka na mimi katikati, nikamaliza na mtoto mgongoni kwa mama. Namba yake ilikuwa ile inayofuata nane. Utanisamehe, nitaendelea kuiita hivyo hivyo.

Kukhu aliacha mwiko ndani ya chungu. Hajawahi kuacha mwiko ndani ya obusuma maisha yake yote. Hakujua Kiingereza, lakini kidole alikijua. Alinishika mkono, akaugeuza kama anayetafuta mwiba, akasema, "Ng'ata." Ndivyo tulivyofundishwa, kidole kilichoelekezwa pasipofaa kinang'atwa ili kirudishe kilichofanya. Nikaving'ata vyote, kimoja kimoja, na moyoni nilikuwa nacheka, kwa sababu nilikuwa mtoto wa shule na nchi ilikuwa huru. Obusuma ikashika chini. Tuliila hivyo hivyo na harufu yake ya kuungua.

Kesho yake mwalimu alisoma madaftari kwa sauti. Mtoto wa nyumba yenye mbuzi mmoja aliandika ng'ombe kumi na wawili. Mwingine aliandika kwamba kwao wako watu arobaini, na kwa kuwa tulijua anaishi na bibi yake tu, darasa likavunjika mbavu. Mwalimu mwenyewe alicheka. Alipofika kwangu akasoma kimya, akaniuliza, "Hii ni ya ukweli?" Nikasema, "Ndiyo, mwalimu."  Kisha akaandika "Vizuri sana" kwa wino mwekundu, akafunga daftari polepole.

Mwezi haukuisha. Surua iliingia kwetu, ikatushika sote watoto, macho mekundu na ngozi kama imemwagiwa mchanga. Sisi wakubwa tulipona. Mdogo wetu alishindwa kupumua, na mama akaamka alfajiri akatembea naye mpaka hospitali ya misheni. Jioni tulimwona anarudi njiani. Alikuwa amembeba kifuani, si mgongoni, na tukajua kabla hajafika.

Siku ya pili ya msiba nilikuwa nyuma ya jiko namenya ndizi na wanawake. Hakuna aliyenitazama vibaya. Kukhu alikuwa amenilaza karibu naye usiku uliopita, akanifunika shuka yake mwenyewe. Lakini jirani yetu, mwanamke mpole tu, asiye na ubaya, aliinua ndizi yake, akaitazama, akasema kama anayezungumza nayo, "Nasikia walihesabiwa."

Mama alikuwa hapo hapo, hatua moja kutoka kwangu. Alisikia. Niliona mkono wake umesimama. Nikangoja aseme kitu. Aseme hapana, aseme nyamaza, aseme Mungu ametwaa, neno lolote. Mama aliinuka akaenda kuchota maji, wakati mitungi yote ilikuwa imejaa.

Niliporudi shuleni mwalimu alinipa pole mbele ya darasa, tukasimama ukutani kama kawaida. Ili anifurahishe akanipa swali jepesi. "Wewe, nne na tano?"

Nilifungua mdomo. Sijui kama wewe limekupata jambo hili, na kama halijakupata sijui nitalielezaje. Watu husema umesahau. Kusahau ni kitu kingine kabisa, ukisahau pale mahali pa jibu pako tupu. Kwangu hapakuwa tupu. Jibu lilikuwepo, nililiona, nililijua kama ninavyojua jina langu, lakini halikutoka, kama maziwa ndani ya kibuyu kilichozibwa kwa gunzi. Ukikitikisa unasikia yanavyocheza. Mikono ilinitoka jasho, masikio yakavuma, na nyuso za wenzangu zikawa mbali. Mtoto wa pembeni akajibu, akakaa. Nilikaa wa mwisho siku ile, kwa mara ya kwanza, na niliona aibu mpaka nikatamani kulia.

Mwanzo ilikuwa namba ile moja. Nilijua kuizunguka. Lakini namba hazikai mbali na wenzao. Ukiogopa moja utaogopa inayoitangulia, maana inakupeleka huko, na inayofuata, maana imetoka huko. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa naogopa hata mbili na mbili. Nikiwa peke yangu kisimani niliweza, chini kwa chini, hadi nane. Akitokea mtu na kunisikiliza, gunzi linarudi.

Mwalimu alijaribu kila alichojua. Alinivumilia muhula mzima. Halafu akanichapa, mara mbili tu, na nadhani kiboko kile kilimuuma yeye zaidi. Akaniletea maharage ya kuhesabia, akaniweka kibarazani peke yangu wakati wa mapumziko, na maharage nilihesabu vizuri mpaka nilipofika pale, mkono ukabaki hewani na harage moja. "Kuna nini?" aliniuliza kwa upole. "Niambie. Mimi si adui yako." Nilitaka sana kumwambia. Lakini ningemwambiaje? Ningelazimika kusema nani aliyetutuma tuhesabu.

Nadhani alijua, maana Jumamosi moja alikuja nyumbani. Kukhu alimchinjia ingokho, akampikia kwa mikono yake, na sisi wanawake, ambao siku hizo hatukula nyama ya kuku, tulimtilia mchuzi tukaishia kunusa. Baada ya kunawa, mwalimu alieleza kwamba mtoto amefungika, mtihani uko karibu, naye hajui afanye nini. Kukhu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba," akamwambia, kwa heshima, ingawa angeweza kumzaa, "kwenu Matete watu wanahesabiwa?"

"Hapana, Kukhu. Hata kwetu hawahesabiwi."

"Basi ulimtuma kwa nini?"

Mwalimu aliangalia viatu vyake. Alichojibu nilikisikia kwa masikio yangu, nimesimama nyuma ya mlango na sinia. "Nilijua wataandika uongo," alisema. "Hata mimi nilipokuwa mtoto niliandikanga uongo. Sikujua kuna atakayehesabu kweli."

Kukhu hakumlaumu. Alimfungia ndizi mbivu za kwenda nazo, na mwalimu akasukuma baiskeli yake mpaka barabarani bila kuipanda.

Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi tuliufanyia kwenye shule kubwa ya matofali, kila mtu na dawati lake, na msimamizi tusiyemjua. Mama aliamka kabla ya jogoo akanipikia uji na yai. Yai lilikuwa jambo kubwa, maana nalo halikuliwa na wasichana, lakini mama alifunga mlango na kusema nile haraka kabla Kukhu hajatoka nje. Karatasi ya Kiingereza niliifanya vizuri mpaka nikasahau niko wapi. Kisha wakatugawia ya hesabu. Swali la kwanza lilikuwa la mkulima na ng'ombe wake. Niliandika jina langu juu kwa mwandiko mzuri, nikaweka kalamu chini ili nipumzike kidogo. Nilisikia kalamu za wenzangu zikikwaruza. Nilijua majibu, rafiki yangu. Lazima uniamini hapo, maana hakuna mwingine aliyewahi kuniamini. Niliyaona yamekaa kila moja mahali pake, nami sikuweza kuyafikia. Msimamizi alipokusanya karatasi yangu aliigeuza upande wa pili, akidhani nimeandika huko.

Mwalimu alikuwa nje ananingoja chini ya mikaratusi. Aliniona uso, akashuka moyo, lakini alijikaza akaniambia pengine Kiingereza kitaniokoa. Hakikuniokoa. Msichana aliyekuwa akinakili kutoka daftari langu alipata nafasi Mukumu, na mama yake alikuja kutuazima sanduku la mbao la baba. Mama alilifuta vumbi, akalipaka mafuta, akampa. Mwaka uliofuata mwalimu alihamishiwa karibu na kwao na sikumwona tena. Mimi nilishika jembe. Mama hakunikaripia hata kwa jicho, na hilo ndilo lililoniumiza, maana nilidhani naijua sababu yake. Mtu akikuulia mwana, humkaripii kwa sababu ya kufeli mtihani tu.

Niliolewa na kibarua wa shamba kwenye chuo cha kilimo cha Bukura, mwanamume mtulivu, Mungu amweke pema. Sokoni nilipanga nyanya kwa mafungu, na mafungu nayajua kwa macho, hakuna anayelalamika. Mtu anaweza kuishi maisha marefu akizunguka kitu kimoja. Nilipompeleka mtoto wangu wa kwanza kliniki kwa sindano, nesi alitukalisha kina mama kwenye benchi akatueleza habari za surua. Akasema inavyoingia kwa pumzi, inavyokaa mwilini siku nyingi kabla ya kuonekana, inavyowamaliza wadogo waliokuwa bado wananyonya. "Surua haichaguangi nyumba," alisema. Nikamuuliza kuhusu mwaka ule wa Uhuru. Nesi alikuwa mtu mzima, aliukumbuka. Akasema ilipita vilima vyote, Wakristo kwa Waislamu, kutoka kwetu mpaka Mumias, haikuacha boma.

Nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyetuliwa kuni. Ilikuwa wazi kabisa. Vilima vyote, na ni nani aliyevihesabu? Watoto wangapi walikufa kwenye nyumba za wale walioandika uongo? Nilielewa ugonjwa, nikaelewa pia gunzi langu. Kumbe lilikuwa huzuni ya mtoto ambaye hakuambiwa si wewe, ikajificha ndani ya namba kwa kukosa mahali pengine. Nililaza mtoto, nikafunga mlango, nikakaa kitandani, nikasema kwa sauti: moja, mbili, tatu. Nilifika nane. Nikangoja. Mtoto aliamka, akalia, akanyamaza mwenyewe, na mimi bado nilikuwa pale pale. Jasho lile lile, masikio yale yale. Nilikuwa nimeamini kwamba ukishajua mlango umefungwa na nini, unafunguka. Haukufunguka. Nimejaribu tena mara nyingi, na siku hizi sijaribu.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake, nami nikawa naenda kumpikia. Jiko la Kukhu lilikuwa limekwisha kuanguka, kaka yangu akapanda mikaratusi mahali pake, mistari iliyonyooka. Msitu ulikuwa umesogea nyuma, mbega unawasikia mara moja kwa mwezi, na hata mvua haikujua tena saa yake. Siku moja, tunachambua kunde, nilimuuliza mama. Sikupanga. Miaka arobaini ilikuwa imepita, na swali lilitoka kama linavyotoka chafya. Nilimwambia, "Mama, siku ile niliyowahesabu. Ulinichukia?"

Mama aliendelea kuchambua. Alikuwa haoni vizuri, alichambua kwa vidole.

"Wewe?" akasema. "Wewe ulikuwa mtoto, ulitumwa. Ulikuwa humwoni vizuri. Alikuwa amelala, amezama kwenye kitambaa. Kidole chako kilifika kwangu kikasita, ukataka kufunga daftari." Akapapasa jani jingine, akasema, "Mimi ndiye niliyegeuka. Nilikugeuzia mgongo ili umwone. Nilitaka hesabu yako itoke sawa, mwalimu akusifu."

Nikakumbuka. Sikuwa nimelikumbuka jambo hilo hata siku moja, lakini aliposema nililiona, mgongo wake ukigeuka polepole, na kichwa kidogo kikitokeza.

Kwa hiyo alipokwenda kuchota maji yale, mitungi ikiwa imejaa, hakuwa ananikimbia mimi. Neno lile la jirani alidhani anaambiwa yeye. Tulikaa nyumba moja, tukala sahani moja, kila mmoja akiamini mwenzake ananyamaza kwa sababu anamjua muuaji.

Mama aliacha kuchambua akainua uso, akaniangalia kwa macho yale yenye ukungu. Alikuwa anangoja. Nami nilikuwa na maneno ya kumwambia. Nilikuwa nayo yote, tangu lile benchi la kliniki: inaingia kwa pumzi, inakaa siku nyingi, ilipita vilima vyote, haichagui nyumba, si wewe, mama, si wewe. Nilifungua mdomo.

Mikono ikanitoka jasho.

Mama alingoja kitambo kirefu. Kisha akakusanya kunde zake kwenye ungo, akainuka, akasema moto unazimika. Hakulizungumzia tena, na kabla ya mahindi ya msimu ule kukomaa tulimzika. Maneno bado ninayo. Nikiwa peke yangu ninayasema yote vizuri, mpaka la mwisho.